Bendera maalumu kwenye boti binafsi: ujue kabla hujazitweka

Ukikuta boti mbili za Uingereza zimefungwa gati moja, moja ina bendera nyekundu shetri, yaani sehemu ya nyuma ya boti, na nyingine ina ya buluu, usidhani ni suala la mwenyewe kapenda rangi gani. Ile nyekundu ni haki ya kila boti ya kiraia ya nchi hiyo. Ile ya buluu ina karatasi nyuma yake: kibali chenye masharti, alichopewa mwenye boti hiyo kwa ajili ya boti hiyo, na ambacho siku moja kinaweza kutakiwa kirudishwe kilikotoka.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, iwe mmenunua boti au mmeajiriwa kuifanyia kazi, kwa sababu bendera ni jambo ambalo mgeni huachiwa abahatishe. Mafundo atafundishwa, ramani atafundishwa, redio ataifanyia mtihani. Bendera ataziona zimekunjwa kwenye mfuko ndani ya kabati, atatoa iliyomvutia macho na kuitweka. Kabla hujatweka yoyote, jiulize kwanza inasema nini, nani kakuruhusu kuisema, na kama inachosema ni kweli saa hiyo. Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi.

Tuanze na ya uraia, maana hizo nyingine zote zinaizunguka. Boti, kama meli, ina uraia wa nchi ilikosajiliwa. Pasipoti ya mwenyewe haihusiki. Mfaransa mwenye boti iliyosajiliwa Malta anapeperusha ya Malta, na kama roho inamuuma atafute mahali pengine pa kuonyesha uzalendo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unasema chombo kitasafiri chini ya bendera ya nchi moja tu, na kinachobadili bendera kwa kadiri ya maslahi yake kinaweza kuhesabiwa kuwa hakina uraia kabisa. Bendera hii hukaa shetri, na haichangii kijiti chake na nyingine yoyote.

Sasa hizo za kibali. Uingereza ndiyo yenye mambo mengi hapa, na ukielewa utaratibu wao, wa wengine utakuwa mwepesi. Zamani jeshi lao la majini liligawanywa katika vikosi vya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu. Mgawanyo huo ulifutwa mwaka 1864: nyeupe ikabaki ya jeshi la majini, nyekundu ikawa ya meli za biashara na raia, buluu ikaenda kwa vyombo vya serikali na maofisa wa akiba. Lakini baadhi ya klabu za boti zilikuwa na ruhusa zake. Royal Yacht Squadron ilipewa haki ya bendera nyeupe mwaka 1829, na hadi leo boti za wanachama wake zinaipeperusha. Klabu nyingine zina ya buluu tupu, nyingine ya buluu yenye nembo, nyingine nyekundu yenye nembo.

Uanachama peke yake hautoshi. Mwanachama huomba kibali kwa ajili ya boti yake, na kibali kinakuja na masharti ambayo mtu wa kazi lazima ayajue kuliko hata tajiri wake. Bendera ya kibali hupepea pamoja na kibendera cha klabu iliyotoa. Ukishusha kimoja, shusha na kingine. Hupepea mwenye kibali akiwa ndani ya boti au yuko karibu na ndiye mwenye mamlaka nayo. Boti ikiuzwa, kibali kinarudi. Boti ikikodishwa kibiashara, bendera hiyo inakaa kabatini.

Ione kwa karibu. Mwenye boti amekuja kwa wiki moja, bendera ya buluu imepepea wiki nzima, watu wamepiga picha. Asubuhi anachukua teksi kwenda uwanja wa ndege, na anakuachia kazi ya kuipeleka boti bandari ya pili. Kabla hujafungua kamba ya kwanza gatini, nenda shetri, shusha ile ya buluu, tweka nyekundu ya kawaida, kisha shusha na kibendera cha klabu. Boti ni ileile na karatasi ni zilezile, ila aliyepewa ruhusa hayupo, na wewe hukupewa. Usisubiri akuagize, maana yeye atakuwa anawaza ndege yake. Na usijifariji kwamba kosa litakuwa lake: sheria ya Uingereza ya vyombo vya majini ya 1995 inapotaja wa kuwajibika kwa bendera isiyoruhusiwa, inamtaja nahodha, inamtaja mwenye chombo kama yumo ndani, na inamtaja pia mtu mwingine yeyote aliyeitweka. Huyo mwingine ni wewe uliyeshika jarari, ile kamba ya kupandishia bendera. Sheria hiyohiyo inagusa na ile Union Jack ya kawaida, bendera ya taifa ya Uingereza, ambayo wageni hupenda kuipandisha boti ya Kiingereza wakidhani wanaipa heshima. Kwenye boti ya raia hairuhusiwi.

Wamarekani wana ya kwao, iliyoanza mwaka 1848: badala ya nyota zote za bendera ya taifa kuna nanga iliyozungukwa na nyota 13. Ni nzuri, na nyumbani kwao boti za starehe zinaitumia bila taabu. Nje ya maji ya Marekani haifai, kwa kuwa haitambuliki kama bendera ya taifa. Ukitoka nayo kwenda nchi nyingine, ibadilishe uweke ya nyota 50 kabla hujaingia.

Kuingia nchi ya watu ndiko kunakoumbua. Mgeni ni kuku mweupe, na bandarini jambo la kwanza kutazamwa ni mkono wa kulia wa mlingoti wako, ile mikono miwili inayotokeza kando kutanua nyaya. Hapo pa kulia ndipo pa bendera ya mwenyeji. Boti ya mashine isiyo na mlingoti huiweka kwenye kijiti cha omo, yaani mbele ya boti. Lakini mwenyeji ana bendera gani? Nchi nyingi hutumia moja nchi kavu na baharini, nyingine zina mbili. Ukiingia Uingereza, ya kumpa heshima ni ile nyekundu ya baharini, siyo Union Jack. Italia, bendera ya meli zao za biashara ina ngao katikati yenye alama za Venezia, Genova, Amalfi na Pisa. Bahamas nao wana ya vyombo vya kiraia, nyekundu yenye msalaba mweupe na ile ya taifa ikiwa pembeni juu. Kwa hiyo usiishie kutafuta bendera ya nchi. Tafuta bendera ya kiraia ya baharini ya nchi hiyo.

Juu ya hiyo ya mwenyeji, kwenye jarari hiyohiyo, kisikae kitu. Na isiwe kitambaa kimechakaa. Nimeona boti za fedha nyingi zikiingia na bendera ya mwenyeji iliyopauka na kuliwa na upepo hadi robo yake haipo, na watu wa bandari wakaitazama kwanza hiyo kabla hawajamtazama nahodha. Afadhali usiwe nayo kabisa kuliko kuwa na hiyo. Kama mabaharia wako wanatoka nchi mbalimbali na wanataka za kwao zionekane, ziwekwe mkono wa kushoto.

Ile ya manjano, inayosimama kwa herufi Q katika bendera za ishara, bado inatisha watu kwa sababu zamani manjano ilihusishwa na ugonjwa na karantini. Siku hizi, katika Kanuni ya Kimataifa ya Ishara, maana yake ni kwamba chombo changu kina afya na naomba ruhusa ya kuingia. Itweke ukikaribia, mahali panapoonekana. Ikiwa juu, kwa kawaida nahodha peke yake ndiye anayeshuka kwenda kuonana na maofisa. Ukishamalizana na afya, uhamiaji na forodha, ishushe palepale. Boti iliyokaa nanga siku tatu na Q juu inaendelea kusema haijapokewa, wakati abiria wake wako hotelini wanakunywa soda.

Vibendera vya vyeo vya klabu sitavichambua. Muulize katibu wa klabu yako, kila moja ina utaratibu wake. Ila ujue kuna boti zinazobeba alama za kihistoria ambazo huwezi kuziiga. Boti ndogo zilizoshiriki kuokoa askari Dunkirk mwaka 1940 zina bendera yao yenye msalaba wa Mtakatifu George na nembo ya mji huo katikati. Ni ya boti hizo, hata kama babu yako aliokolewa nazo. Wavuvi wa mashindano nao wana desturi yao ya kupandisha kibendera cha samaki waliyempata wakati wa kurudi bandarini, na kingine cha kuonyesha kwamba aliwekwa alama akaachiwa. Hiyo haina sheria, ila ukipandisha bila samaki utachekwa msimu mzima. Ya maharamia, ile ya fuvu na mifupa, watoto wanaipenda. Mimi siipandishi nje ya nyumbani. Askari wa doria wa nchi nyingine hana wajibu wa kuelewa utani wako.

Hatari ya kweli iko kwenye bendera za ishara, maana hizi watu huziona mapambo. Seti nzima ina 40: herufi 26, tarakimu 10, tatu za kurudia na moja ya kujibu. Herufi A, nyeupe na buluu yenye mkato wa panda, inasema nina mzamiaji majini, kaa mbali na pita polepole. Kuna boti zinatembea nayo kutwa nzima kwa sababu mtu alisahau kuishusha. Matokeo yake wengine wanazoea kuidharau, na siku mzamiaji yuko chini kweli hakuna anayepunguza mwendo. N juu ya C ni wito wa msaada. Bendera ya taifa iliyogeuzwa juu chini watu huidhania kuwa wito huohuo, ilhali haimo katika orodha ya ishara za dhiki za Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972. Iliyomo ni bendera ya mraba yenye kitu cha mviringo juu au chini yake.

Siku ya sherehe unaweza kuzipanga zote kutoka omo, kupitia kileleni mwa mlingoti, hadi shetri. Fanya hivyo ukiwa nanga au gatini, usisafiri nazo. Ufuate mpangilio uliokwisha kuwekwa, ambao umetungwa makusudi ili zisisomeke neno, na usichanganye bendera za mataifa humo ndani.

Saa ya kupandisha ni saa 2 asubuhi. Waingereza kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 14 Februari husogeza hadi saa 3. Wao hushusha jua likitua au saa 3 usiku, lolote litakalotangulia. Ya maombolezo ipandishe kwanza hadi juu kabisa, kisha irudishe nusu mlingoti, na jioni ipandishe tena juu kabla ya kuishusha. Ukipita manowari na ukataka kuisalimu, shusha ya taifa taratibu, subiri wajibu, ndipo upandishe. Wakichelewa, kuwa na subira. Huenda anayetakiwa kujibu anatafutwa.

Kuhusu ukubwa, kipimo wanachotumia wengi kwa bendera ya shetri ni inchi moja kwa kila futi ya urefu wa boti, kwa hiyo boti ya futi 36 ina bendera ya inchi 36. Za mlingotini kwenye boti za tanga hupimwa nusu inchi kwa kila futi ya mlingoti kutoka majini. Kinachokula bendera ni ule ukingo wa nje unaopigapiga. Ukaguliwe kila unaposhusha. Uzi ukianza kulegea, kata kidogo, pinda, shona. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke kabla hujaikunja. Unapofunga, vuta hadi bendera iguse gurudumu la juu kabisa, kisha kaza na ule upande wa chini wa jarari ili isining'inie. Kibali chenyewe kiweke kwenye faili moja na hati ya usajili, mahali ambapo hata baharia wa zamu anaweza kukitoa mwenye boti asipokuwepo kupokea simu.