Asilimia 30 ya Nini? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ada za Mawakili

Barua za safari hii karibu zote zilihusu pesa ya wakili, na nyingi ziliandikwa na watu waliokuwa wameshalipa. Majina nimeyaacha, mitaa nimeibakisha.

Mama Wakili, salaam. Niligongwa na matatu Jogoo Road nikavunjika mguu. Wakili alinijia nikiwa bado wodini, akasema nisitoe hata ndururu, kesi ikishinda atachukua asilimia 30. Nikatia sahihi. Sasa bima imekubali kulipa 900,000 na wakili anasema atakata 270,000 pamoja na "gharama". Ni haki? — Mwenye Magongo, Makadara

Pole sana, ndugu yangu. Niliisoma ile karatasi uliyoipiga picha. Ni ukurasa mmoja, jina lako limekosewa herufi, na ile "30%" imeandikwa kwa kalamu pembeni, kana kwamba ilikumbukwa mtu akiwa tayari anaondoka.

Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakina kona. Wakili akikubaliana na mteja kwamba atalipwa kesi ikifaulu tu, au kwamba atalipwa zaidi ikifaulu na kidogo ikianguka, makubaliano hayo ni batili. Huko Marekani wakili wa ajali anaruhusiwa kujikatia sehemu ya fidia, na nadhani filamu zao ndizo zilizotuzoesha. Hapa Nairobi desturi hiyo ipo, kila aliyewahi kugongwa anaijua, lakini mahakama ya Kenya haitailinda karatasi yako. Hata kukufuata kitandani ukiwa na plasta mguuni kumekatazwa. Wakili hatafuti wateja wodini, wala hatumi mtu amtafutie.

Wapo wenzangu watakaonuna wakisoma haya. Watasema bila asilimia mtu wa mkono mtupu hatapata wakili kabisa, na mimi hoja hiyo siidharau. Bunge likitaka kubadilisha sheria, libadilishe, tena liweke kikomo. Kabla ya hapo, mgonjwa asitie sahihi kitu ambacho wakili mwenyewe anajua hakisimami.

Hiyo haimaanishi wakili wako hadai. Amefuatilia karatasi za polisi, amekupeleka kwa daktari wa ripoti, ameandika barua ya madai, labda ameingiza kesi. Ada yake ipo katika Amri ya Malipo ya Mawakili, yaani kanuni zinazoweka viwango vya ada, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2014, na katika kesi kama yako hupimwa kwa kiasi kilichodaiwa au kilichopatikana na hatua ambayo kesi ilifika. Kesi iliyomalizwa kwa barua na simu haiwezi kulipiwa sawa na iliyosikizwa na mashahidi sita.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaambiwi. Aliyeshindwa kwa kawaida hubeba gharama za aliyeshinda. Kwa hiyo bima ikikubali kumaliza kesi hulipa mafungu mawili: fidia yako, na gharama za wakili wako. Nimewahi kuona wakili akipokea lile fungu la pili kimya, kisha akarudi kwenye la kwanza kukata asilimia yake. Hilo neno "gharama" kwenye barua yako ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Muulize: bima imelipa gharama kiasi gani, mbali na zile 900,000? Kama imelipa, fungu hilo lihesabiwe kwanza katika ada yake, na wewe udaiwe tu kilichopungua kihalali.

Kabla hundi haijatoka, bima hutaka utie sahihi hati ya kukubali malipo. Isome. Ikiwa nafasi ya kiasi imeachwa wazi, usiiguse. Pesa zikiingia ni lazima zikae katika akaunti ya wateja, si ile anayolipia kodi ya ofisi.

Mwandikie barua ya adabu, uitishe bili iliyochanganuliwa: kazi gani, tarehe gani, shilingi ngapi, na risiti za alicholipa kwa niaba yako. Weka nakala. Akikaa kimya, kuna Tume ya Kushughulikia Malalamishi dhidi ya Mawakili, ambayo imo katika sheria hiyo hiyo na haikutozi kitu kulalamika. Na bili yenyewe, mkikosana juu yake, hupelekwa kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu, akaipitia mstari kwa mstari na kukata kilichozidi.

Mimi ni fundi wa milango ya chuma. Mteja amekaa na 85,000 zangu tangu mwaka jana. Wakili wa kwanza niliyemwendea alitaka 40,000 kabla ya kufungua faili. Nitoe? — Fundi, Kariobangi

Usitoe. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, na ya hapa Nairobi iko Milimani tangu 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Haibanwi sana na kanuni za ushahidi, kwa hiyo beba ujumbe wa WhatsApp alipokubali bei, taarifa ya M-Pesa ya malipo ya kwanza, na picha za lango likiwa limesimama kwake. Ada ya kuingiza kesi ni ndogo, na ukishinda unaweza kuidai kwake.

Yule wakili hakukosea kutaja bei yake. Ila kudai 85,000 kwa kumlipa wakili 40,000 hakulipi, na angekuwa muungwana angekuelekeza mlango wa pili.

Dada Wakili, ninanunua ploti Ruai, 1,800,000. Kampuni inayouza inasema nilipe 150,000 "ya wakili" kwa paybill yao na kila kitu watafanya wao. Rafiki yangu anasema kuna mtu Ngara atanifanyia yote kwa 10,000. Nani mkweli? — Mnunuzi, Umoja

Kwa ada niliyoisoma hapa, hakuna hata mmoja kati yao. Hebu tukae na kalamu.

Kazi ya kuuza na kununua ardhi ndiyo iliyo rahisi zaidi kukisia ada, kwa sababu inakwenda kwa thamani. Kwa ardhi ya hadi shilingi milioni tano, kiwango cha Amri ya Malipo ni asilimia 2 ya bei au 35,000, chochote kilicho kikubwa. Yako, asilimia 2 ni 36,000. Kama wakili amesajiliwa kulipa VAT, ongeza asilimia 16, yaani 5,760. Jumla 41,760. Hiyo ndiyo pesa ya wakili.

Halafu kuna ushuru wa stempu, ambao ni wa serikali na hulipwa na mnunuzi. Mjini ni asilimia 4, mashambani asilimia 2. Ruai iko ndani ya Kaunti ya Nairobi, kwa hiyo hesabu asilimia 4: ukipigwa kwa bei yako ni 72,000. Lakini mthamini wa serikali akiona ploti ina thamani kubwa kuliko mliyoandika, ushuru utafuata thamani yake, si yenu. Juu ya hapo kuna ada ndogondogo za upekuzi wa hati na usajili.

Ukijumlisha unafika 113,760 na kidogo zaidi. Kwa hiyo ile 150,000 huenda ni ushuru, wakili na faida ya mtu vikiwa vimefungwa gunia moja na kupewa jina la wakili. Waambie wakuandikie kila kipengele peke yake. Wakikataa, una jibu lako.

Tena wakili wa kampuni ni wa kampuni. Unapomlipa wewe, bado anamfanyia kazi muuzaji. Mimi sipendi mnunuzi wa ploti za pembezoni mwa mji, Ruai, Kamulu, Joska, Kitengela, atumie wakili wa muuzaji hata kidogo. Huko ndiko kwenye hati mama, ile ya shamba zima, ambayo haijagawanywa, na barabara iliyo kwenye ramani tu. Wakili wako mwenyewe ndiye atakayeuliza maswali hayo kabla pesa haijatoka.

Na huyo wa 10,000? Wakili halisi haruhusiwi kulipisha chini ya kiwango. Sheria inaliita kosa. Kanuni hiyo, nakiri, inapendwa na mawakili kuliko wateja, lakini ndiyo iliyopo. Ukiona bei ya namna hiyo, aghlabu anayeandika mkataba si wakili, ni mtu aliye na kompyuta na muhuri wa kuchonga. Mtu asiye wakili kuandaa hati ya kuhamisha ardhi kwa malipo ni kosa la jinai. Ingia katika tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, andika jina lake, utaona kama ana cheti cha mwaka huu. Ni kazi ya kumsubiri konda arudishe chenji.

Kesi yetu ya shamba la marehemu baba iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tulilipa 300,000 mwanzoni. Sasa tumepewa tarehe ya kusikizwa na wakili anataka 100,000 nyingine "ya matayarisho". Ndugu zangu wanasema ni mwizi. Hatukuandikiana kitu. — Mtoto wa Tatu, Kawangware

Huenda si mwizi, mwanangu. Amri ya Malipo inatambua ada ya kutayarisha kesi kwa ajili ya kusikizwa, na haipungui theluthi moja ya ada ya mwanzo. Mia ni theluthi ya mia tatu, kwa hiyo mtu huyu ameishika sheria mkononi. Inadaiwa pale upande wa pili umekana madai na kesi imethibitishwa kuwa tayari kusikizwa, na nyinyi mmefika hapo.

Kosa lake ni kutowaambia mwanzoni. Lenu na lake ni kutoandikiana. Kifungu cha 45 kinawaruhusu wakili na mteja kukubaliana kiasi kamili, mradi kiwe katika maandishi na mteja ametia sahihi. Mkishakubaliana hivyo, hakuna tena mambo ya theluthi wala robo, ni hicho tu, isipokuwa mahakama ione kinaumiza kupita kiasi. Bado hamjachelewa. Nendeni ofisini kwake wawili, si saba, mkamwombe kiasi kimoja cha kuanzia leo hadi hukumu, kiwe na tarehe za kulipa. Mtaje humo pia nani analipa mpima ardhi, na ikiwa rufaa imo au haimo. Kwa kawaida haimo, na hapo ndipo familia nyingi hugombana na wakili baada ya kushinda.

Msimkimbie kwenda kwa wakili mwingine kwa hasira. Wa kwanza ana haki ya kushikilia faili hadi alipwe anachodai kihalali, na wa pili ataanza kusoma kurasa zile zile kwa pesa mpya.

Na kumbukeni kwamba bili ya wakili kwa mteja wake huwa kubwa kuliko ile atakayolipa aliyeshindwa, kwa nusu zaidi katika kiwango cha Mahakama Kuu. Hata mkishinda na kulipwa gharama, kuna sehemu itabaki yenu. Waambieni ndugu sasa.

Kijana wangu amekamatwa, kesi iko Makadara. Wakili anataka 15,000 kila akienda kortini, na 50,000 ya dhamana. Nauza mitumba tu. — Mama Kevo, Mathare

Mama, kwanza tutenganishe hizo pesa mbili. Dhamana si ya wakili. Hakimu akiweka dhamana ya pesa taslimu 50,000, zinalipwa kwa mahakama, unapewa risiti, na kesi ikiisha kijana akiwa amehudhuria tarehe zote, zinarudi hata kama amepatikana na hatia. Kama hakimu bado hajataja kiasi, wakili ameijulia wapi hiyo 50,000? Na dhamana ya polisi kituoni ni bure.

Kulipa kwa kila tarehe sikushauri. Kesi za jinai huahirishwa: shahidi hakuja, faili haipatikani, hakimu yuko semina. Ukiahirishwa mara nne umelipa 60,000 na hakuna aliyefungua mdomo. Omba ada kwa hatua: moja ya kusomewa mashtaka na kuomba dhamana, nyingine ya kusikizwa hadi hukumu, maahirisho yakiwa ndani. Mawakili wengi wa Makadara hukubali, maana wao wenyewe wanajua siku ya kuahirishwa hukaa dakika kumi.

Ukishindwa kabisa, nenda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016, au shirika liitwalo Kituo cha Sheria. Kwa shtaka la mauaji, mahakama humpatia mshtakiwa asiye na wakili mmoja anayelipwa na serikali. Kwa mashtaka mengine, Katiba inasema serikali itamtoa wakili pale ambapo bila yeye haki itapotea, na kijana anaweza kumwomba hakimu hilo kwa mdomo wake, siku hiyo hiyo.

Risiti ya dhamana iandikwe jina lako, si la wakili wala la karani wake. Jina lililo juu yake ndilo litakalorudishiwa pesa.