Kwa nini simu imekukatalia kasilingi wakati mfalme hajasogea

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Ulikuwa unacheza chesi (sataranji) kwa kete nyeupe, mfalme yuko e1 (herufi ni safu ya ubao, nambari ni mstari), ngome iko h1, vyote havijaguswa tangu mchezo uanze, f1 na g1 ni tupu, huna cheki (mfalme wako hapigwi), halafu programu ikakugomea kasilingi, yaani ile hatua moja ambayo mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome na ngome huruka upande wa pili wake. Mwishoni kabisa ukadokeza kwamba mpinzani alikuwa na askofu a6. Jibu lako liko kwa huyo askofu.

Fuata mshazari wake kwa kidole: b5, c4, d3, e2, f1. Kwa kuwa pawni yako ya mbele ya mfalme ilishakwenda e4, njia nzima iko wazi na askofu anaipiga f1, yaani anaweza kufika pale. Mfalme akitoka e1 kwenda g1 hana budi kupita f1, na kanuni hazimruhusu kupita mraba unaopigwa hata kama anapotua ni salama. Programu haina kasoro yoyote.

Mimi husaidia kuamua kwenye mashindano madogo ya mitaani na ya shule, na kasilingi ndiyo inayoniita mezani kuliko kitu kingine chochote. Sababu ni kwamba watu wengi wamefundishwa orodha ya makatazo sita au saba na wanaikariri kama shairi, kisha katikati ya mchezo mistari inachanganyika. Mimi nafundisha swali moja tu: mfalme anapata shida wapi? Angalia miraba yake mitatu, yaani anaposimama, anapopita na anapotua. Ukikuta mmojawapo unapigwa, huwezi kufanya kasilingi kwa sasa. Ikiwa yote mitatu ni salama, basi mashambulizi mengine yoyote pale hayakuhusu.

Na hapo ndipo watu wanapobishana, kwa sababu wanaihesabu na ngome. Ngome inaweza kuwa inapigwa na bado ukafanya kasilingi. Inaweza pia kupita mraba unaopigwa. Hili la pili linatokea kwenye kasilingi ndefu tu: mfalme anatoka e1 anapita d1 anatua c1, wakati ngome inatoka a1 inapita b1 na c1 hadi d1. Mfalme hafiki b1 hata kidogo, kwa hiyo malkia wa adui akikodolea macho b1 mwache akodoe. Ila b1 lazima iwe tupu, maana hapaswi kuwepo yeyote kati ya mfalme na ngome, awe wako au wa adui. Nimeona vijana wakifungua d1 na c1 kwa juhudi kubwa, farasi bado amekaa b1, halafu wanashangaa.

Usione aibu kwa kutojua hili, wakubwa wamekwama hapo hapo. Mwaka 1974 Moscow, Viktor Korchnoi na Anatoly Karpov walikuwa wanagombea nafasi ya kumkabili bingwa wa dunia Bobby Fischer. Katika mchezo wa 21, askofu wa Karpov alikula d5 na kutoka pale akawa anaipiga ngome ya Korchnoi kwenye h1. Korchnoi alimwendea mwamuzi, Alberic O'Kelly, akamuuliza kama inaruhusiwa kufanya kasilingi ngome ikiwa inapigwa. Akaambiwa ndiyo. Akaifanya, na baada ya hatua yake iliyofuata, ya 19, Karpov akasalimu amri. Mtu wa kiwango hicho, kwenye mechi ya uzito huo! Miaka kadhaa nyuma yake, 1960 huko Adelaide, Yuri Averbakh alimpinga Cecil Purdy aliyefanya kasilingi ndefu huku ngome ikipita mraba unaopigwa. Purdy akamweleza kwamba katazo hilo ni la mfalme peke yake. Averbakh alikuwa grandimasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji.

Sasa kuna jambo moja linalowatoa jasho hata waliozoea. Tuseme huyo askofu wa a6 amebanwa, yaani akitoka pale mfalme wake mwenyewe anaingia kwenye cheki. Watu huniambia, "Refa, huyu hawezi kusogea, basi hapigi chochote." Anapiga. Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi duniani, zinasema wazi kwamba kete inahesabika inaupiga mraba hata kama yenyewe haiwezi kwenda pale kwa kuogopa kumwacha mfalme wake kwenye cheki. Kwa hiyo f1 inabaki imefungwa.

Tofautisha pia kasilingi iliyozuiwa na kasilingi iliyokufa. Yako imezuiwa: ukimwondoa askofu au ukimziba, hatua inayofuata unaruhusiwa. Ukiwa kwenye cheki vivyo hivyo, huwezi kuikimbia cheki kwa kasilingi, lakini ukiziba kwa kete nyingine au ukamla anayekupiga bila kumgusa mfalme, haki yako ipo palepale. Wapo wanaoshikilia kwamba mfalme akishawahi kupigwa cheki basi kasilingi imekwisha. Sijui waliitoa wapi, ila ni ya vijiweni, haimo kwenye kanuni.

Iliyokufa ni ile ambayo mfalme alishasogea. Hata akiondoka e1 kwenda e2 akarudi, imekufa pande zote mbili. Ngome ikisogea ikarudi kwake, imekufa upande wa ngome hiyo tu. Hapa ndipo simu inapokuwa shahidi mzuri kuliko binadamu, kwa sababu inatunza haki hizo nne (fupi, ya upande wa ngome ya h, na ndefu, ya upande wa ngome ya a, kwa nyeupe na kwa nyeusi) toka hatua ya kwanza. Mezani mnategemea karatasi za kuandikia hatua, na ikifika hatua ya 25 hakuna anayekumbuka kwamba ngome ilitoka na kurudi. Dublin mwaka 1973, mchezaji Heidenfeld alifanya kasilingi fupi na baadaye ndefu katika mchezo mmoja dhidi ya Kerins, na mchezo ukaendelea. Andikeni hatua zenu, jamani.

Nirudi kwenye ubao wako. Umesema farasi wako alikuwa c3. Mrudishe e2. Hapo mshazari umezibwa, f1 imepona, na hatua inayofuata unafanya kasilingi bila neno. Askofu akimla farasi kabla hujaifanya, mle kwa malkia, usimle kwa mfalme, la sivyo umeiua mwenyewe. Wazo la kuziba kwa malkia d3 lisahau: askofu anamla, wewe unakula askofu kwa pawni ya c2, umetoa malkia kwa askofu. Na kabla ya kumtoa farasi c3 angalia alikuwa analinda nini, maana mara nyingi ndiye anayeishikilia pawni ya e4.

Kwa kuwa umesema unataka kuingia mashindano ya mezani, kuna adabu ya mkono ambayo simu haikufundishi. Kasilingi ni hatua ya mfalme. Mguse mfalme kwanza, msogeze miraba miwili, kisha hamisha ngome kwa mkono uleule. Vijana waliojifunzia kwenye programu hufika mezani na kushika ngome kwanza. Juzijuzi kijana mmoja alishika ngome ya h1 akaishusha f1, kisha akanyoosha mkono kwa mfalme. Mpinzani wake, binti mdogo mtulivu, hakusema kitu, aliinua mkono tu akaniita. Kifungu cha 4 cha kanuni za FIDE hakina huruma hapo: aliyegusa ngome kwanza kwa makusudi kisha mfalme haruhusiwi kasilingi upande huo kwa hatua hiyo, atasogeza ngome. Basi ngome ikabaki f1 na mfalme akabaki e1 peke yake, na kasilingi fupi ikawa imekufa kwa sababu ngome imeshasogea. Kijana alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetunga hizo kanuni.

Ukimgusa mfalme kisha ngome, unalazimika kufanya kasilingi upande huo kama inaruhusiwa. Kama hairuhusiwi, kwa mfano kwa sababu ya askofu wa a6, utamsogeza mfalme kwa hatua nyingine halali, na kasilingi ya upande wa pili nayo ni hatua halali kama ipo. Ndiyo maana nasema hesabu ile miraba mitatu mikono ikiwa bado mapajani. Na usitumie mikono miwili. Ukifanya kasilingi kwa mikono miwili ukabonyeza saa, inahesabiwa kama hatua haramu, na kwenye mchezo wa muda mrefu mpinzani anaongezewa dakika mbili. Ya pili ukirudia, kwa kawaida umepoteza mchezo.

Mdau mmoja aliuliza kama kasilingi inaweza kumpiga mtu cheki au hata chekimeti (cheki isiyo na pa kukimbilia, mchezo umekwisha). Inaweza, ngome inapofika kwenye mstari wa mfalme wa adui. Mwaka 1912 London, Edward Lasker alimfukuza mfalme wa George Thomas kutoka nyumbani kwake hadi g1, ndani kabisa ya upande wa nyeupe, na angeweza kumaliza kwa kasilingi ndefu iliyo chekimeti. Alichagua kumsogeza mfalme d2, ambayo nayo ilikuwa chekimeti. Mimi ningechagua kasilingi, lakini hayo ni mapenzi ya mtu.

Mkuu, ukimziba huyo askofu na simu bado ikakataa, kopi hatua zote za mchezo tangu ya kwanza uziweke hapa. Nitaangalia kama mfalme au ngome ilitoka na kurudi bila wewe kukumbuka.