Maswali ya wasomaji: Msumeno wa cheni unaporuka nyuma

Nimehama kutoka baa (bamba la chuma linalobeba cheni) ya sentimita 35 hadi ya 50. Wapo wanaosema baa ndefu ndiyo inayoruka vibaya, wapo wanaosema fupi. Nimsikilize nani?

Wote wameshika nusu ya ukweli. Kinachourusha msumeno ni ncha ya baa, na hasa robo yake ya juu. Jino linapozunguka pale hutokeza kupita kipimo cha kina, kile kinundu kilicho mbele yake cha kuzuia lising'ate sana, hivyo likigusa mti hung'ata kina lisichokimudu. Cheni hukwama, na nguvu iliyokuwa ikiizungusha huhamia kwenye baa, ambayo hupaa na kumrudia mkataji. Yote hayo huisha kabla hujapata muda wa kushtuka, kwa hiyo usijitegemee kwa wepesi wako.

Urefu hubadilisha mambo mawili. Baa fupi ni nyepesi, hivyo ikiruka huzunguka kwa kasi zaidi, tena ncha yake iko karibu na uso wako. Ila unaiona muda wote. Baa ndefu huzunguka taratibu kidogo, lakini ncha yake hutokea upande wa pili wa gogo, mahali usipopaona, ikagusa tawi, jiwe au gogo la jirani. Anayehamia 50 akitokea 35 hujeruhiwa zaidi na hilo la pili: mikono yake bado inakumbuka ncha ilipokuwa zamani. Kabla ya kuwasha, zunguka gogo uangalie nyuma yake.

Angalia pia umbo la ncha. Baa mbili za urefu mmoja zinaweza kutofautiana sana, kwani ncha yenye mviringo mdogo hurusha kidogo kuliko iliyo pana. Ushauri wetu ni kutumia baa fupi kadiri kazi inavyoruhusu. Gogo nene kuliko baa hukatwa kutoka pande mbili. Injini ya sisi 40 (sentimita 40 za ujazo) usiivishe baa ya sentimita 50: cheni itapungua kasi na huenda mafuta ya kulainisha yasiitoshe.

Nina breki ya cheni. Bado nisimame pembeni?

Ndiyo. Breki hupunguza madhara, haizuii kuruka. Simama kidogo kushoto kwa mstari wa baa ili ikiruka ipite kando ya kichwa. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini wa mbele, kisilale juu yake. Msumeno ukiruka, mkono usiofunga vizuri huachia kwanza. Kiwiko cha kushoto kinyooke, na usikate juu ya usawa wa mabega.

Breki ipimwe kila siku ya kazi. Injini ikiwa inakimbia kwa mafuta yote, sukuma ngao ya breki, iliyo mbele ya mpini, kwenda mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia mpini: cheni isimame papo hapo. Kisha zima injini, shika msumeno juu ya kisiki, achia mpini wa mbele tu ili ncha ianguke kwa uzito wake. Ncha ikigonga kisiki, breki ijifunge yenyewe. Isipojifunga, msumeno urudi kwa fundi.

Nitatoboaje shina kwa ncha ikiwa ncha ndiyo hatari?

Kwa kuanza na robo ya chini. Inamisha baa, bonyeza mafuta yote kabla ya kugusa mti, na uache sehemu ya chini ya ncha ichimbe. Mtaro ukifika kina cha kama upana wa baa mara mbili, geuza msumeno polepole hadi baa ielekee unakotaka, ndipo usukume. Ukitoka, vuta kwa kunyooka huku cheni ikizunguka. Wengi hukosea kwa kugeuza mapema, robo ya juu ikakutana na mti mzima. Cheni yenye viungo vya kinga, vya kupunguza kuruka, haitoboi vizuri, na kuilazimisha ni kujitafutia balaa. Jifunzie kwenye kisiki kirefu, si kwenye mti uliosimama.

Msumeno hunisukuma nyuma moja kwa moja bila kupaa. Ni kitu kilekile?

Hapana. Huko ni kubanwa: mti umeifinya cheni upande wa juu wa baa. Gogo lililoegemea pande zote mbili hujibana juu, basi kata theluthi kutoka juu na umalizie chini. Lililoning'inia upande mmoja hujibana chini: theluthi kutoka chini, umalizie juu. Kila unapokata kwa upande wa juu wa baa, tarajia kusukumwa.

Nikipunguza vipimo vya kina kwa tupa, cheni itakata haraka?

Itakata kwa pupa. Kwa cheni nyingi za kazi za kawaida pengo kati ya kimo cha jino na cha kipimo chake ni kama milimita 0.65; ukilizidisha, kila jino hung'ata zaidi na kuruka huongezeka kwa baa ya urefu wowote. Tumia geji, si macho.