Jibu: Tule wapi New York, Chicago na New Orleans?

Dada, umesema mna siku mbili tu kila mji, basi nakupa mahali pamoja au pawili tu.

New York nendeni mgahawa wa Katz's, Houston Street, ipo tangu 1888. Mlangoni kila mtu anapewa tikiti. Itunzeni kama pasi ya kusafiria, ukiipoteza unatozwa faini. Msikae kusubiri mhudumu. Pangeni foleni kwa wakata nyama, agizeni sandwichi ya pastrami. Ni nyama ya ng'ombe iliyolowekwa chumvi na viungo, ikafukizwa moshi, halafu ikapikwa kwa mvuke mpaka laini. Mkataji huwa anakuonjesha kipande, nawe muachie dola moja mbili. Bei itawashtua, lakini sandwichi moja inatosha wawili (mume wangu alibisha, akashindwa kuimaliza).

Chicago kila mtu atawatuma Lou Malnati's kula piza nene. Tamu kweli, ila inaokwa nusu saa na zaidi, msiende na njaa kali. Mimi ningeanzia Al's, Taylor Street: nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, mkate umechovywa mchuzini. Kula umeinama, la sivyo shati kwaheri.

New Orleans ni Café du Monde asubuhi mapema. Maandazi ya mraba, hayana iliki, yamezikwa kwenye sukari ya unga. Usivute pumzi unapong'ata, utapaliwa!

Halafu bei ya kwenye menyu haina kodi, na mkihudumiwa mezani bakshishi ni asilimia 18 hadi 20.