Hoja mbovu nilizosikia kwenye kikao cha ukoo, mwaka wa kikombe cha Loliondo

Mkuu, umeuliza mtu ambaye hajasoma mantiki atazitambuaje hoja mbovu anapobishana na ndugu zake. Mimi hushika jambo moja tu: swali lililo mbele yetu ni lipi, na huyu anayesema sasa analijibu, au ameshahamia kwingine?

Wengi hapa mnakumbuka 2011. Watu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na hata mawaziri walikunywa. Kwetu tuliitisha kikao juu ya shangazi mwenye kisukari. Swali: akinywa kikombe, aache vidonge?

Baba mdogo akaanza: "Umati wote ule, hadi mawaziri, wawe wajinga?" Lakini umati unaonyesha kwamba habari imeenea na wagonjwa ni wengi, basi. Waziri akiugua naye humtafuta daktari. Nilipokumbushia vidonge, nikaambiwa vijana wa mjini hatuna imani. Hapo nimejadiliwa mimi, vidonge havijaguswa. Mwingine: "Haya, thibitisha kwamba haiponyi!" Wakati anayetaka mgonjwa aache dawa ndiye mwenye deni la ushahidi.

Iliyokuwa ngumu kuijibu ni hii: "Jirani alikunywa, wiki iliyofuata sukari ikashuka." Ngumu kwa sababu yote mawili ni kweli, alikunywa na ikashuka. Ila jambo kutangulia jingine hakutoshi kulifanya chanzo chake. Sukari hupanda na kushuka kwa chakula, kwa kazi, kwa homa. Tena mtu hufunga safari ya namna ile akiwa amezidiwa, na baada ya siku mbaya kabisa mara nyingi hufuata siku zenye nafuu kidogo. Na wasiopata nafuu hawapiti nyumba kwa nyumba kutangaza. Kwa hiyo niliuliza: jirani alibadilisha nini kingine? Ikaja kujulikana kwamba vidonge hakuviacha hata siku moja. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Upande wangu nao haukuwa safi. Binamu alisema mizizi ya porini haiwezi kuwa dawa. Nilimpinga, ingawa tulitaka jambo lilelile: kwinini ilitoka kwenye magome ya mti wa sinkona, na dawa mseto ya malaria ina asili yake kwenye mmea wa artemisia. Kuwa mzizi hakuthibitishi kitu, si kuponya wala kutoponya. Kumbuka pia kwamba mtu anaweza kutoa hoja mbovu na bado jambo lenyewe likawa kweli.

Mwisho baba mdogo akasema: "Ama aende akapone, ama abaki afe." Wakuu, mkisikia "ama, ama" kwenye jambo zito, tafuteni njia ya tatu. Ilikuwepo: shangazi aende kama moyo wake unataka, aendelee na vidonge, apime sukari kliniki akirudi. Hilo likakubalika, na ndivyo alivyofanya.

Kwa wazee usiseme "hoja yako ni mbovu", kikao kitavunjika. Uliza tu: "Baba mdogo, na hilo la vidonge tunalijibuje?"