Saiti nzito na muonekano umevurugika baada ya kuweka https (muunganisho salama)
Seva usiiguse kwanza, bonyeza F12 (inafungua zana za brauza) nenda kichupo cha Network halafu rifreshi, faili la CSS (linalopanga muonekano wa saiti) likionyesha 404 (yaani halijapatikana) ujue njia yake imekosewa (seva za Linux zinatofautisha Style.css na style.css, hii inaponza wengi), ila kwa vile umesema imeanza ulipoweka https mi naona hilo faili bado linaitwa kwa http:// ndo maana brauza inalikataa, badilisha linki iwe https ukurasa utavaa nguo zake. Uzito mara nyingi ni picha, sasa picha ya MB 4 ya nini kwenye kiboksi cha pikseli 300?? punguza upana uisevu kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi). Ukimaliza piga Ctrl+Shift+R, la sivyo unaweza kuendelea kuona kashe ya zamani (nakala ambayo brauza imeihifadhi).