Kabla ya kuuliza dawa itafanya kazi, uliza hela yao inaisha lini

Mkuu, wewe uliyeuliza kama uingie kwenye ile kampuni ndogo ya dawa kabla majibu ya fezi ya tatu, yani hatua ya mwisho ya kujaribu dawa kwa watu kabla ya kuomba kibali, hayajatoka, umesema wana dola milioni 38 benki, robo mwaka iliyopita wamechoma milioni 14, majibu ni baada ya miezi miwili, na unataka kuweka nusu ya akiba yako halafu utege stopu losi ya asilimia 20, yani oda ya kuuza yenyewe bei ikishuka kiasi hicho, ulale usingizi. Mi huu mwaka wa saba niko kwenye hizi hisa na nimepigwa mara nyingi kuliko nilizopiga, so acha nikujibu kirefu kidogo.

Hiyo stopu losi ndo iliyonifundisha adabu. Kampuni hizi majibu mazito huwa wanayatoa alfajiri kabla soko halijafunguliwa, au jioni likishafungwa. Nilikuwa na hisa 400 za kampuni ya dawa ya mapafu, nimenunua dola 6 na senti kumi, stopu nimetega dola 5, najiona mjanja kabisa. Siku ya majibu naamka nakuta taarifa, sentensi ya kwanza inasema dawa ni salama na wagonjwa wameivumilia vizuri. Aisee ukiona taarifa inaanza na habari za kuvumilia jua msiba uko aya ya pili, na kweli, kipimo kikuu cha majaribio, yani kile walichosema tangu mwanzo dawa itapimwa nacho, kilikuwa kimefeli. Soko likafunguka dola 1.40 na stopu yangu ikauza palepale kwa 1.38, maana katikati ya 5 na 1.40 hapakuwa na mnunuzi hata mmoja, na stopu ikishaguswa inageuka oda ya kuuza kwa bei yoyote itakayokutwa sokoni. Dola 2,440 ikawa 552 hata chai sijanywa.

Baada ya hapo nikasema tatizo langu sijui sayansi, nikaanza kusoma mambo ya majaribio usiku kucha. Imenisaidia kiasi. Kati ya dawa zinazoingia fezi ya kwanza, karibu moja tu kwa kumi ndo inakuja kuidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, na nyingi zinazikwa fezi ya pili. Kwenye ClinicalTrials.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kuandikisha majaribio, unaweza kuona historia ya jaribio, kama kipimo kikuu kilibadilishwa njiani mi nakaa mbali. Na wakianza kukwambia dawa ilionyesha matumaini kwa wanawake wa umri fulani wenye uzito fulani, hapo wanafukua majivu tu, wanatafuta kipande cha kusifia.

Lakini pigo la pili lilikuja wakati sayansi iko sawa kabisa, na hili ndo nataka ulishike. Kampuni nyingine, majibu mazuri, kabla soko halijafunguliwa hisa imepanda asilimia 70, mi nishaanza kupanga matumizi. Sikuuza. Jioni ileile soko likishafungwa wakatangaza wanauza hisa mpya, bei chini ya ile ya kufungia, tena na hati za kumruhusu mnunuzi aongeze nyingine baadaye kwa bei waliyokubaliana. Kesho yake faida yote imeyeyuka na ndani ya wiki mbili nikawa chini ya nilipoanzia. Nilikasirika sana ila ukifikiria walikuwa wafanye nini? Kampuni haina dawa hata moja dukani, bidhaa pekee waliyonayo ya kuuza ni hisa zenyewe, na siku ya kuziuza ni siku bei imepanda. Kama hisa zilikuwa milioni 20 wakaongeza milioni 10, chako kimezimuliwa kama uji wa kuongezea maji, sufuria imejaa ila utamu hauko.

Sasa chukua namba zako. 38 gawa kwa 14 ni chini ya robo mwaka tatu, yani hela ya miezi nane hivi, na majibu yakitoka wamebaki na ya miezi sita. Yakiwa mazuri watauza hisa jioni ileile. Yakiwa mabaya watauza kwa bei ya kutupa, hisa ikikaa chini ya dola 1 siku 30 za kazi mfululizo Nasdaq, soko la hisa walilomo, wanawaandikia barua, wanapewa siku 180 za kujirekebisha, na njia yao ya kupandisha bei huwa ni kuunganisha hisa, unaamka una hisa 5 badala ya 100.

Najua mtu atakuja kunitajia Novavax, ile kampuni ya chanjo ya Marekani. Ni kweli, mwanzo wa 2020 ilikuwa dola 4 hivi na Februari 2021 ikapita 300. Ila huyohuyo alianguka kama asilimia 85 kwa siku moja Septemba 2016 chanjo yake ya RSV, kirusi cha njia ya hewa, ilipofeli, na 2019 akaunganisha hisa 20 kuwa moja, na huko juu hakukaa. Na hata kuidhinishwa sio mwisho wa habari, kampuni ya Dendreon walipata kibali cha Provenge 2010, dawa ya saratani ya tezi dume, bei dola 93,000 kwa mgonjwa, na Novemba 2014 wakaomba ulinzi wa kufilisika wakiwa na madeni ya mamia ya mamilioni. Dawa ipo mpaka leo, wenye hisa ndo hawakupata kitu.

Mi siku hizi naingia baada ya kampuni kuuza hisa mpya, vumbi likishatulia na hela ya miaka miwili iko benki, na siweki zaidi ya asilimia 2 ya hela yangu kwenye kampuni moja. Napitwa na zile za kuruka asilimia 200, sawa tu. Nusu ya akiba hapana mkuu. Leo fungua ripoti yao ya robo mwaka, ile 10-Q, tafuta sehemu wanayosema kuna mashaka makubwa kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli kwa miezi 12 ijayo, kwa hizo namba sitashangaa ukiikuta. Angalia na idadi ya hisa ya mwaka jana na ya sasa, halafu rudi hapa utuwekee umekuta nini.